Kuuvisha ugwe upinde wa zamani

Mtu akinijia karakanani Kisauni, Mombasa, na upinde wa mbao wa babu yake, namwambia: usiuvute bado. Chukua pamba kavu, uipitishe taratibu mgongoni, yaani upande unaotazama shabaha. Pamba ikinasa, nyuzi za mti zimeinuka, na hapo ndipo upasukapo. Kisha lielekeze tumbo la upinde, yaani upande unaokutazama wewe, kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona vijistari vyembamba vilivyokata mti kwa upana, mti umepondeka. Huo utundike ukutani uwe pambo. Anayekuuzia gundi ya kuuponya hatakuwapo vipande vitakapokurukia usoni.

Ugwe, yaani kamba ya upinde, wa zamani utupe, hata ukipendeza. Mpya uwe wa Dacron, aina ya uzi wa poliesta, mfupi kuliko upinde kwa sentimita 8 hivi. Mshipi wa nailoni wa wavuvi unanyumbuka mno. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka nazo hutesa ncha za upinde mkongwe. Usugue nta ya nyuki mpaka vidole vipate joto.

Wengi hupitisha upinde katikati ya miguu wakaukunja kwa paja. Siipendi njia hiyo, husokota mti. Shona kamba ndefu yenye kifuko cha ngozi kila mwisho, uvishe ncha zote mbili, ukanyage kamba katikati, uinue mshikio kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili utelezeshe kitanzi cha ugwe hadi kikae mkatoni, pale palipochongwa kwenye ncha. Uso uweke kando. Kati ya mshikio na ugwe pakae ngumi yenye dole gumba lililosimama, sentimita 15 hadi 18.

Sasa vuta shibiri moja tu, urudishe polepole. Ongeza kidogo kidogo. Siku ya kwanza usifike mwisho. Na usiuachie ugwe bila mshale, maana nguvu yote hurudi kwenye mti.

Mishale nayo ikunje kidogo karibu na sikio, unaoalika, uvunje. Shabaha ni gunia la soko la Kongowea lililoshindiliwa matambara, nyuma yake tuta la mchanga, si kichochoro. Paa na wanyamapori wengine waache: uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.

Ukimaliza vua ugwe, hata kama utarudi jioni. Kwa unyevu wetu huu, upinde uliolala umevishwa hushika mkunjo na kupoteza nguvu. Ulaze bapa, usiuegemeze ukutani.