Kubadilisha kebo ya breki ya mkono kwenye Hilux ya zamani

Mwongozo huu unahusu Toyota Hilux yenye ekseli nzima nyuma (mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili) na breki za drami, yaani pipa fupi la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, hasa zile za 4x4 zilizotengenezwa kati ya mwaka 1988 na 1997, ingawa pikapu nyingine za umri huo hazitofautiani nazo sana.

Kabla hujanunua kebo, hakikisha kwamba kebo ndiyo mbovu. Madereva wengi wa pikapu huegesha kwa kuacha gari kwenye gia na kumtuma utingo aweke jiwe nyuma ya gurudumu, hivyo breki ya mkono hukaa miezi mingi bila kuvutwa, huku maji na tope vikipenya penye mpira uliochanika na waya ukiota kutu ndani ya ala yake (ganda la nje la kebo). Hata hivyo, kwenye gari hili kebo haiendi moja kwa moja hadi kwenye brekishuu, vile vipande vilivyo ndani ya drami vinavyoibana ili gurudumu lisimame. Nyuma ya kila drami, upande wa nje, kuna mkono mdogo wa chuma wenye umbo la pembe, unaogeuka juu ya pini na kuhamishia mvuto wa kebo ndani ya drami. Pini hiyo huganda kwa kutu kuliko sehemu nyingine yoyote, na nimeona kebo nyingi nzima zikitupwa kwa kosa lake. Mwombe mtu avute breki wakati wewe umelala chini ukitazama: kebo ikivutika na mkono wa pembe usigeuke, au ukageuka na kushindwa kurudi, tatizo limo hapo. Ikiwa mkono unageuka vizuri kwa koleo lakini waya hauchezi ndani ya ala, basi kebo imekufa.

Hatua ya kwanza ni usalama. Egesha mahali tambarare pagumu, weka gia, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Legeza nati za magurudumu ya nyuma kwa spana ya 21 gari likiwa bado chini, inua kwa jeki iliyowekwa chini ya ekseli, na uliegemeze kwenye stendi imara pande zote mbili. Matofali hayafai, kwa sababu hupasuka bila kutoa onyo.

Pili, achia breki ya mkono kabisa na ulegeze nati ya kurekebishia kebo mpaka ifike mwisho wa uzi wake. Ikiwa imeota kutu, isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kulegezea kutu, na uisubiri. Ukilazimisha, utakata uzi wenyewe.

Tatu, toa gurudumu, rudisha gia kwenye nyutro, kisha toa drami. Ikigoma, usiipige nyundo ukingoni. Drami ina matundu mawili yenye uzi. Ingiza boliti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, nayo itajisukuma yenyewe. Ikiwa brekishuu zimeichimba drami na kuacha ukingo wa ndani unaozinasa, zirudishe kwanza kwa bisibisi kupitia tundu lililo nyuma ya bamba la breki. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo, kwa kuwa brekishuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa. Fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ili upande wa pili ubaki kuwa mfano wako.

Nne, chomoa pini inayoshika ncha ya kebo kwenye mkono wa pembe, kisha fungua vishikizo vyote kwenye chesisi na ekseli. Kabla ya kuvuta kebo nje, funga kamba kwenye ncha yake ili ikuachie njia ileile. Ilaze kebo ya zamani kando ya mpya na ulinganishe urefu wa ala, urefu wa waya unaotokeza na umbo la ncha, kwa maana ya kulia na ya kushoto huenda zisilingane.

Kebo ikiwa nje, shughulikia mkono wa pembe hata kama unaonekana mzima. Toa pini, isugue mpaka ing'ae, safisha tundu lake, paka grisi na uweke mpira mpya wa kuzuia vumbi. Ukirudisha, mkono urudi wenyewe hadi kwenye boliti ya kikomo bila kusaidiwa.

Pitisha kebo mpya mahali pa ile ya zamani, mbali na ekzosi, na uiachie mlegeo wa kutosha ekseli inaposhuka. Tumia pini mpya za kufungia.

Sasa marekebisho, na hapa mpangilio ndio kazi yenyewe. Anza na brekishuu: rudisha drami na uzipanue mpaka zianze kugusa kidogo drami inapozungushwa kwa mkono. Ndipo ukaze nati ya kebo. Ukianza na kebo, utakuwa unaficha pengo la brekishuu kwa kuuvuta mkono wa pembe, na kirekebishi cha ndani, kinachozisogeza brekishuu karibu na drami kadiri zinavyolika, hakitafanya kazi. Kwenye gari hili kirekebishi hicho husogezwa na breki ya mkono inapovutwa, ndiyo maana breki ya mkono ikifa, pedali nayo huanza kushuka chini. Vuta na kuachia mara kadhaa ili kebo ikae, kisha kaza mpaka magurudumu yote mawili yashike kwa pamoja, na yazunguke huru ukiachia.

Rudisha magurudumu, ukikaza nati kwa takriban nyutoni mita 110 kwenye rimu za chuma. Jaribu breki kwenye mteremko mdogo, mguu ukiwa tayari juu ya pedali. Kisha endesha kilomita chache bila kufunga breki sana na usogeze kiganja karibu na kila rimu ya nyuma: ikiwa moja ina joto zaidi ya nyingine, kebo ya upande huo imekazwa kupita kiasi au mkono wake wa pembe haurudi. Baada ya wiki moja hivi ya matumizi pima tena, kwani kebo mpya hulegea kidogo mwanzoni.