Kuikomboa nafasi ya diski iliyokwama baada ya jaribio la kuweka Windows na Linux pamoja kushindikana

Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mwenye kompyuta isiyokidhi masharti ya Windows 11, kuweka Linux, mfumo endeshi mwingine, kando ya Windows ni uamuzi wenye maana. Kazi hiyo inapokwama katikati, mara nyingi C:, sehemu ya diski inayokaliwa na Windows, huwa imekwisha kupunguzwa, Linux haijaingia, na makumi ya gigabaiti yamebaki pembeni bila mfumo wowote kuweza kuyatumia. Kisakinishi kilichotumika katika matoleo mengi ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, huiandika nafasi hiyo "unusable", neno linalomfanya mtu adhani kwamba diski imeharibika. Diski ni nzima. Kilichokwama ni jedwali la patisheni, yaani kumbukumbu fupi inayoieleza kompyuta kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi, na jedwali hilo hurekebishika ukilisoma kwa makini kabla ya kufuta chochote.

Kabla ya kugusa kitu, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Angalia pia kama C: imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data kwa ufunguo, kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi, kwa sababu mabadiliko ya patisheni au ya namna ya kuwaka yanaweza kuifanya Windows iudai. Kompyuta ndogo iwe kwenye chaji na betri yake iwe imejaa. Ya mezani isiyo na UPS isianzishiwe kazi hii siku ambayo umeme unakatikakatika.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha usome ramani ya diski kwa rangi zake. Mstari mweusi wenye neno "Unallocated" ni nafasi isiyo ya mtu. Kijani cha kung'aa ndani ya fremu ya kijani kilichokolea, chenye maneno "Free space", ni nafasi iliyo tupu lakini imezungushiwa ndani ya patisheni panuzi ("extended"), yaani patisheni inayobeba nyingine ndani yake, na kwa hiyo C: haiwezi kuichukua moja kwa moja. Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye "Disk 0", ingia "Properties", kisha "Volumes", uone kama jedwali ni la MBR, muundo wa zamani, au la GPT, muundo mpya, kwa kuwa tiba inategemea jibu hilo. Wala usihesabu kama hasara gigabaiti ambazo hazikuwapo tangu mwanzo: diski iliyouzwa kama ya gigabaiti 500 huonekana katika Windows kuwa na takriban 465, kwa sababu Windows huhesabu kwa vipimo vya 1,024 na mtengenezaji huhesabu kwa 1,000.

Ikiwa jedwali ni la MBR, chanzo cha tatizo karibu kila mara ni idadi ya patisheni. Muundo huu ulianza na PC DOS 2.0 mwaka 1983, na jedwali lake lina baiti 64 tu ndani ya sekta ya kwanza ya diski. Kila patisheni huchukua baiti 16, hivyo nafasi za majina ni nne na haziongezeki. Anayetaka zaidi ya nne hana budi kuifanya moja kuwa patisheni panuzi, na ndani yake ndimo hutengenezwa patisheni nyingine za kimantiki. Kompyuta nyingi za HP za enzi ya Windows 7, ambazo bado ziko mikononi mwa watu kama mitumba, zilitoka kiwandani zikiwa zimekwisha kujaza nafasi zote nne: SYSTEM, C:, RECOVERY na HP_TOOLS. Ukipunguza C: kwenye mashine kama hiyo, unapata nafasi ya kweli kabisa, lakini jedwali halina mstari wa kuiandikia, na hapo ndipo lile neno "unusable" linapojitokeza.

Katika hali hii Windows hukuwekea mtego mmoja. Ukijaribu kutengeneza patisheni ya tano kwa "New Simple Volume", itakuuliza kama unakubali diski ibadilishwe kuwa ya aina ya "dynamic", mpangilio wa pekee wa Windows. Jibu hapana. Ubadilishaji huo ni rahisi kuufanya na mgumu kuutengua bila kufuta diski nzima, na unaifanya kazi ya kuweka Linux iwe ngumu zaidi kuliko ulivyoianza.

Kama umeamua kuachana na Linux, na mstari mweusi umegusana na C: kwa upande wa kulia, bofya C: kwa kitufe cha kulia, chagua "Extend Volume", na kazi imekwisha. Kama bado unaitaka Linux, lazima patisheni moja kati ya zile nne iondoke. HP_TOOLS huwa ndogo na ni rahisi kuinakili kwingine. RECOVERY usiifute mpaka uwe umetengeneza flashi ya kurejeshea Windows na kuhakikisha kwamba kompyuta inawaka nayo. Ukishaifuta moja, kisakinishi cha Linux kitaweza kutengeneza patisheni panuzi kwenye ile nafasi iliyokwama. Kumbuka tu kwamba patisheni panuzi ni kipande kimoja kisichokatika, hivyo ikiwa uliyoifuta iko mbali na nafasi hiyo, gigabaiti zake chache ndizo zitakazobaki bila kutumika, jambo ambalo kwa HP_TOOLS halina uzito.

Njia ya kudumu zaidi ni kuhamia GPT, ambayo kwa Windows hukubali patisheni 128. Tangu toleo la 1703 la Windows 10 iko amri ya mbr2gpt inayobadilisha jedwali bila kufuta data, lakini ina masharti: patisheni kuu, yaani zile zilizoandikwa moja kwa moja kwenye jedwali, zisizidi tatu, pasiwe na patisheni panuzi, na mabaki ya Linux yasiyotambuliwa na Windows yawe yameondolewa. Anza na mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo hupima tu bila kubadilisha kitu. Ikikubali, weka /convert mahali pa /validate. Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya ubao mama na uhamishe namna ya kuwaka kutoka "Legacy", namna ya zamani, hadi UEFI, namna mpya, la sivyo Windows haitawaka. Kompyuta isiyo na UEFI haifai kufanyiwa hivi.

Pale ambapo jaribio liliacha patisheni za Linux, shughulikia uwakaji kwanza, ufutaji baadaye. Katika mashine ya zamani isiyotumia UEFI, kipande cha kwanza cha GRUB, programu inayoiwasha Linux, hukaa mwanzoni mwa diski na sehemu yake kubwa hukaa ndani ya patisheni ya Linux. Ukifuta patisheni hiyo bila maandalizi, kompyuta itakwama kwenye maneno "grub rescue" na Windows hutaiona. Washa kwa flashi ya usakinishaji wa Windows, fungua dirisha la amri, na uandike bootrec /fixmbr, amri ambayo huandika upya msimbo wa kuwakia na kuliacha jedwali la patisheni kama lilivyo. Katika mashine ya UEFI inatosha kuingia kwenye mipangilio ya ubao mama na kuiweka "Windows Boot Manager" juu ya orodha. Windows ikishawaka yenyewe bila GRUB, rudi kwenye ramani, futa patisheni za Linux, kisha, kama nafasi imebaki ya kijani, ifute na hiyo fremu ya kijani mpaka kila kitu kiwe cheusi.

Wakati mwingine "Extend Volume" huwa imefifia ingawa nafasi nyeusi ipo. Sababu ni kwamba Windows hupanua C: kuelekea kulia tu, tena kwenye nafasi iliyogusana nayo, na katikati pamekaa patisheni ya urejeshaji ambayo masasisho makubwa ya Windows huweza kuitengeneza hapo. Andika reagentc /disable ili kuuzima urejeshaji huo kwa muda, zima kompyuta kikamilifu kwa shutdown /s /t 0, kisha uwashe kwa flashi yenye GParted Live, programu ya kupanga patisheni inayowaka bila Windows, na uisogeze patisheni hiyo hadi mwisho wa kulia. Ukirudi Windows, panua C: na uandike reagentc /enable. Ndani ya GParted, patisheni yenye alama ya kufuli au ufunguo inatumika. Ikiwa ni ya swap, yaani nafasi ambayo Linux huitumia kama kumbukumbu ya ziada, bofya "Swapoff" kwanza. Mabadiliko yote hukaa kwenye foleni hadi ubofye "Apply", kwa hiyo yasome tena moja baada ya jingine kabla ya kuthibitisha. Epuka kuusogeza mwanzo wa C: yenyewe, kwa kuwa data yote italazimika kuhamishwa na kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi.

Ikitokea umefuta patisheni isiyo yenyewe, usiandike kitu kingine chochote kwenye diski. Kwa kawaida kilichoondoka ni ule mstari wa jedwali, na programu ya TestDisk ya Christophe Grenier, ambayo imo ndani ya GParted Live, inaweza kuutafuta na kuurudisha: chagua "Analyse", kisha "Quick Search", hakikisha unaona majina ya faili zako, ndipo uchague "Write". Patisheni ikiwa imekwisha kufomatiwa upya, hasa kwenye SSD ambayo huarifiwa mara moja kwamba nafasi hiyo haina mwenyewe, utaitegemea ile nakala uliyoiweka kwenye diski ya nje.