Jinsi ya kujenga Idara ya Mafumbo ndani ya ukumbi wa shule, Moshi

Idara ya Mafumbo ya Wizara ya Uchawi, ile ya ulimwengu wa Harry Potter iliyofichwa chini ya ardhi ya London, ina chumba kimoja kinachobeba vingine vyote. Ni cha duara, cheusi, chenye milango 12 inayofanana isiyo na vitasa, mishumaa ya mwanga wa bluu, na ukuta unaozunguka kila mlango unapofungwa. Ukikipatia hicho, vingine hata vikijengwa kwa maboksi mchezo utanoga. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya fedha na muda iende huko. Vikundi vingi hufanya kinyume: wanamalizia hela kwenye mapambo, halafu milango inakuwa mapazia manne ya rangi tofauti.

Maelekezo haya ni ya ukumbi wa mita 9 kwa 9 au zaidi, wachezaji 6 kwa zamu (idadi ileile ya wanafunzi walioingia idarani kwenye kitabu cha tano, cha mwaka 2003), dakika 45. Kazi yao ni kutafuta herufi na tarehe vyumbani, kisha kuchukua mpira wa unabii wenye lebo hiyo.

Kwanza kibali. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18, ipo tangu 1928, na inagusa hata kumiliki vifaa vya uchawi au kujifanya una uwezo huo. Barua kwa mkuu wa shule na kwa wazazi iseme wazi kwamba haya ni maigizo. Mifupa, pembe, vibuyu na hirizi visiingie kabisa, na wala havihitajiki: idara hii ni ofisi ya watafiti, si kilinge. Wasimamizi wavae makoti ya maabara na wasijibu swali lolote kuhusu kazi yao, kama wafanya utafiti wa idara yenyewe.

Chumba cha milango

Weka alama ya kati sakafuni, kisha chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.59. Usitumie kamba ya nailoni maana inavutika. Chukua waya wa kufungia nondo. Waya huohuo, bila kubadili urefu, upime kuzunguka duara: utaingia mara 6 kamili. Gawa kila sehemu katikati, upate pointi 12. Kutoka pointi moja hadi nyingine iwe mita 1.34. Ukianza na futi na kupima 1.34 moja baada ya nyingine, kosa la sentimita 1 kila upande linakuletea tofauti ya sentimita 12 mwishoni, na mlango mmoja utaonekana mpana kuliko wenzake. Mchezaji hodari ataugundua ndani ya dakika tatu.

Kila pointi isimame mbao ya 2x2 ya mita 2.2. Sakafu ya ukumbi haipigiliwi misumari, kwa hiyo simamisha kila mbao ndani ya kopo la rangi la lita 4 na ujaze zege. Kopo likikauka lina kilo 9 hivi. Juu unganisha nguzo zote kwa mbao za 1x2. Bila hizo, uzito wa kitambaa unazivuta nguzo ndani na duara linalegea kama mwavuli uliovunjika.

Kitambaa ni kaniki, tabaka mbili, maana moja hupitisha mwanga. Kata vipande 12, kila kimoja mita 1.64 kwa upana, ili vipishane sentimita 30. Jumla ni karibu mita 20 kwa kila tabaka. Mapazia meusi ya mitumba pale soko la Mbuyuni yanaweza kupunguza gharama, ila yawe ya aina moja. Fundi cherehani aache pindo la chini wazi upande mmoja umwagie mchanga. Pindo jepesi hupepea, na mlango unaopepea unatangaza kwamba nyuma yake kuna feni.

Sasa angalia kinachowapa watu mwelekeo bila wao kujua. Mistari ya vigae: funika kwa turubai jeusi. Kenchi za paa: usizizibe, ukumbi utakuwa tanuri, weka taa chini, usawa wa goti, zikiangalia sakafu. Matofali ya matundu: anza mchezo saa 1 na nusu usiku, giza likishaingia vizuri.

Taa ni mkanda wa LED wa bluu wa volti 12, ule wa wati 4.8 kwa mita. Kata vipande 12 vya sentimita 10, ukifuata alama za kukatia, kimoja kwa kila nguzo. Jumla ni mita 1.2, yaani wati 6 hivi, nusu ampea. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 (7 Ah) ukiitumia hadi nusu tu itawasha zaidi ya saa sita, na umeme ukikatika mtaani ninyi hamna habari. Vipande vyote viunganishwe sambamba, chanya kwa chanya. Ukivifuatanisha kimoja baada ya kingine, volti zinagawanyika na hakuna kitakachowaka. Mshumaa wa kweli karibu na kaniki, hapana. Ndoo mbili za mchanga ziwe nje ya duara, na pasiwe na pazia lolote lililofungwa kwa kamba.

Kuzungusha ukuta ni kazi ya giza. Mlango ukifungwa, msimamizi anazima swichi sekunde 15, mwenzake anaburuza jiwe juu ya zege nje ya duara, na wachezaji, kwa kanuni mliyowaambia mwanzoni, wanashikana mikono na kuzunguka kulia mpaka taa irudi. Mizunguko miwili inatosha; hakuna atakayejua alitokea wapi. Wape vibanio vyekundu vya nguo vya kuwekea alama milango waliyojaribu, na kamwe msivihamishe gizani. Fumbo gumu watu wanalivumilia, udanganyifu hawausamehi.

Nyuma ya milango

Milango minne tu inaongoza mahali, mmoja kila pembe ya ukumbi. Saba inaishia kwenye ukuta wa kaniki nyingine. Wa kumi na mbili ni ubao halisi nyuma ya pazia, hausukumiki, na chini yake unavuja mwanga kidogo: ni chumba kilichofungwa daima. Gharama yake ni ubao na taa moja, na ndicho watakachokizungumzia njiani kurudi nyumbani.

Chumba cha ubongo: koliflawa iliyochemshwa dakika 5, imefungwa kwa mshipi wa kuvulia kwenye jiwe maana inaelea, ndani ya tangi la kioo. Loweka utambi wa kalamu ya hailaita ya kijani majini, kisha mulika kwa taa ya kukagulia noti. Badilisha koliflawa kila siku. Siku ya pili harufu inafika barabarani. Juu ya tangi andika kwa hailaita nyingine ya kijani herufi mbili, zing'ae chini ya taa hiyo.

Chumba cha wakati kitoe tarehe. Badala ya ndege mvumaji wa kitabuni, ambaye ni wa Amerika, mchore chozi: yai, kifaranga, ndege mzima, kisha arudi yaini, picha 12. Zibandike ndani ya ngoma ya kadibodi ya kipenyo cha sentimita 30, juu ya kila picha toboa mwanya wa milimita 4, weka taa kali juu, zungusha kwa mkono mzunguko mmoja kwa sekunde huku ukichungulia mwanyani. Mota ya feni inakwenda kasi mno, picha zinageuka ukungu.

Chumba cha pazia hakina kidokezo. Ni tao la kadibodi, kitambaa chakavu, na feni ya kompyuta ya volti 12 iliyolishwa volti 5 ili isisikike. Simu iliyofichwa icheze sauti za watu wanne wakinong'ona kwa pamoja. Anayepita tao ametoka mchezoni. Masika epuka: mvua ikipiga bati, minong'ono haisikiki.

Ukumbi wa unabii una mipira 40 rafuni, kila mmoja na lebo ya herufi na tarehe. Tumia vichwa vyeupe vya plastiki vya balbu za LED zilizoungua, viwili viwili, gundi katikati, mchanga ndani. Minane iwe na swichi ndogo ya mlango wa maikrowevu chini yake, ukitumia miguu ya COM (wa pamoja) na NC (unaounganika swichi isipobonyezwa): mpira ukikaa saketi imekatika, ukinyanyuliwa king'ora kinalia. Mpira ukiwa mwepesi haubonyezi na king'ora kitalia mfululizo. Ongeza mchanga, au gundisha kijiti cha aiskrimu kurefusha mkono wa swichi. King'ora kikilia, taa zizimwe na ukuta uzunguke.

Kati ya kundi na kundi mnahitaji dakika 10: vibanio virudi mfukoni, mipira kwenye lebo zake, feni iguswe kama inazunguka, na mtu mmoja apite milango yote 12 kwa mkono kuhakikisha hakuna pazia lililonasa kwenye nguzo.