Jinsi ya kuomba fildi ya usimamizi wa mabenki Benki Kuu ukiwa mwanafunzi wa uzamili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uchumi, fedha, uhasibu au sheria anayetaka kufanya mafunzo kwa vitendo (fildi) Benki Kuu ya Tanzania (BoT), upande wa sera na kanuni zinazoongoza mabenki. Kama umeshahitimu, njia yako ni nyingine: wahitimu huomba mafunzo ya uzoefu kazini, na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ina programu yake. Usichanganye maombi haya mawili. Mhitimu hana tena chuo cha kumwandikia barua ya utambulisho, na ombi la fildi lisilo na barua hiyo halina miguu.

Kwanza, pata swali lako. Waombaji wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukiandika kwamba unataka “kupata uzoefu katika sekta ya benki”, hujamwambia msomaji wa barua akupeleke wapi. Benki Kuu ni kubwa: kuna wanaoshughulikia noti na sarafu, wanaosimamia mifumo ya malipo, wanaofanya utafiti wa uchumi. Wewe unawataka wanaotoa leseni, wanaokagua mabenki na wanaoandika kanuni.

Soma Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, kisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, iliyowagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne. Halafu tafuta mahali ambapo kanuni imekutana na maisha ya watu. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo Njombe Community Bank na Meru Community Bank. Je, sharti la mtaji wa shilingi bilioni 2 kwa benki za kijamii lilimlinda mwenye amana, au lilimwondolea mkulima benki pekee iliyokuwa karibu naye? Au chukua mikopo ya kausha damu, yaani ile yenye riba ya kunyonya: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Kanuni inamfikiaje mkopeshaji anayeishi ndani ya simu? Swali moja la namna hii linatosha.

Pili, barua ya chuo. Iombe mapema kwenye ofisi ya mafunzo ya uzamili au kwa mratibu wa fildi. Ukiipata, usiikunje na kuondoka. Isome pale pale dirishani: je, jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye vyeti na kitambulisho cha NIDA? Namba ya usajili ni yako? Tarehe za kuanza na kumaliza zimetajwa? Ina kumbukumbu namba, sahihi na muhuri? Herufi moja ya jina ikikosewa, utarudishwa chuoni wakati wenzako wanaripoti kazini.

Tatu, barua yako mwenyewe. Ukurasa mmoja, si zaidi. Tazama kwanza tovuti ya Benki Kuu. Kama kuna tangazo au fomu, fuata maelekezo yake neno kwa neno. Kama hakuna, mwandikie Gavana kwa cheo chake, bila kutaja jina la mtu. Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

“Yah: Ombi la mafunzo kwa vitendo katika usimamizi wa mabenki

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya fedha. Tasnifu yangu inahusu masharti ya mtaji kwa benki za kijamii baada ya mwaka 2018. Naomba nafasi ya wiki nane kuanzia Julai, nikisaidia mapitio ya kanuni na uchambuzi wa taarifa za fedha ambazo mabenki huchapisha kila robo mwaka.”

Angalia kwamba mwombaji ametaja taarifa zilizochapishwa. Taarifa za ndani za benki moja moja ni siri, na barua inayoomba kuzitumia kwenye tasnifu itamtia shaka kila anayeisoma.

Nne, viambatisho. Barua ya chuo, wasifu wa kurasa mbili, nakala ya cheti cha shahada ya kwanza, matokeo ya uzamili uliyonayo hadi sasa, nakala ya kitambulisho na ya kadi ya bima ya afya. Vipange kwa mpangilio huo huo uliovitaja kwenye barua.

Tano, kuwasilisha. Miezi mitatu kabla ni muda mzuri. Ukipeleka kwa mkono, nenda masjala ukiwa na nakala ya ziada ya barua, uombe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ndiyo utakayoishika ukirudi kufuatilia. Benki Kuu ina matawi Arusha, Mbeya, Mwanza, Mtwara na kwingineko, lakini kazi ya sera iko makao makuu, kwa hiyo taja wazi unataka wapi.

Usimpe mtu yeyote hela ya “kusukuma faili”. Anayekuomba fedha kwa ajili ya nafasi ya fildi anakuibia, na wewe unataka kuingia kwenye kazi inayosimama juu ya uaminifu.

Wakati unasubiri, peleka ombi pia Bodi ya Bima ya Amana, inayowalinda walioweka fedha benki inapofilisika, na kwenye vitengo vya benki za biashara vinavyohakikisha kanuni zinafuatwa. Huko utaiona kanuni ile ile kutoka upande wa anayetakiwa kuitii.

Ukikubaliwa, jibu kwa maandishi ndani ya siku chache, nakala kwa mratibu wako wa chuo. Usitegemee posho, panga nauli na chakula mapema. Siku ya kuripoti beba vyeti halisi, barua ya kukubaliwa na daftari la fildi, maana msimamizi atahitaji kulisaini tangu wiki ya kwanza.