Somo: Kuchagua gari la familia la safari ndefu, hatua kwa hatua

Wakuu, shule zinakaribia kufungwa na maswali ya gari la familia yameanza kumiminika. Wengi wanaanza na jina: Noah au Prado? Alphard au Delica? Ushauri wangu ni kwamba jina lije mwisho. Anza na watu, kisha njia, kisha uzito. Ukifuata mpangilio huo jina litajitokeza lenyewe, na mara nyingi litakuwa la gari la bei nafuu kuliko lile ulilokuwa unalitamani. Nazungumzia magari yaliyotumika Japani maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu, na mfano wangu ni Tanzania.

Hatua ya 1: Watu

Andika majina ya wanaosafiri na wewe kila mara. Wa siku ya harusi waache, hao watapanda basi. Kisha nendeni yadi (wanakouza magari) familia nzima, msimwachie baba peke yake. Mtu mrefu kuliko wote akae kiti cha nyuma kabisa, mlango ufungwe, atulie hapo dakika kumi. Magoti yakibana, basi kiti hicho ni cha watoto hata kama kadi ya gari inasema ni cha mtu mzima. Wish na Sienta zina viti saba, lakini mstari wa tatu ni wa watoto. Kwenye Noah au Voxy mtu mzima anakaa Dar hadi Moshi bila kulalamika.

Kama mnasafiri na bibi mwenye magoti mabovu, mlango wa kuburuza na sakafu iliyo chini vina thamani kuliko gari kukaa juu. Prado inataka mtu apande, na kupanda kwenyewe kwa kila kituo cha chai na choo kunamchosha mzee kabla hamjafika Chalinze.

Sasa viti vyote vikiwa vimesimama, fungua buti. Hapa ndipo watu wengi wanaduwaa. Nendeni na mabegi yenu halisi, pamoja na deli la vinywaji, myapange mwone. Noah, Alphard na Delica hukunja mstari wa tatu kwa kuuinua pembeni. Prado ya 120 nayo hivyo hivyo, wakati Prado ya 150 huulaza sakafuni. Lakini viti vikiwa na watu, zote hizo hubakiza nyuma nafasi ndogo kuliko unavyofikiri.

Angalia pia mikanda. Magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu kwenye kiti cha katikati. Mwenye mtoto mchanga atafute vyuma vya ISOFIX, vya kushikilia kiti cha mtoto, kwenye viti vya mstari wa kati; vipo kati ya mgongo na makalio ya kiti, ingiza mkono uvishike.

Hatua ya 2: Njia

Orodhesha safari za mwaka mzima, si ile moja ya ndotoni. Dar hadi Mbeya ni lami zaidi ya km 800. Mombo hadi Lushoto ni lami, ila ni mlima na kona mfululizo. Hapo kinachohitajika ni rejeta nzima na breki nzima, si fowili (nguvu ya injini kufika magurudumu yote manne). Mlima Kitonga, njia ya Iringa, vilevile. Ukienda Mikumi, barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katikati ya hifadhi, lakini njia za ndani ni udongo, na mvua ikinyesha udongo mweusi unakamata gari lolote la chini.

Serengeti ni habari nyingine. Kipande cha kutoka geti la Naabi hadi Seronera, katikati ya hifadhi, kina mawimbi yanayotingisha kila nati. Kushuka kreta ya Ngorongoro hawaruhusu gari lisilo fowili. Sasa jiulize: kreta utashuka mara ngapi? Kama ni mara moja kwa miaka kadhaa, acha Noah yako Karatu, kodi Land Cruiser na dereva kwa siku hiyo. Kununua Prado kwa ajili ya siku moja ni kujitesa siku zote nyingine kwenye kituo cha mafuta.

Kuna jambo linalochanganya wengi. Fowili ya Noah ilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya Japani. Itakusaidia kwenye utelezi, lakini tumbo la gari bado liko kama sm 16 kutoka chini na hakuna gia ya nguvu (gia nzito ya kutambaa taratibu kwenye sehemu ngumu). Delica D:5 imeinuka hadi sm 21 na unaweza kufunga fowili kwa swichi, ila nayo haina gia ya nguvu. Prado imekaa juu ya chasisi, ina gia ya nguvu na inafunga difu ya kati, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yavute kwa pamoja. Hayo ni madaraja matatu tofauti.

Hatua ya 3: Uzito

Naomba hii muisome taratibu kwa sababu ndiyo inayoua shokapu, matairi na wakati mwingine watu.

Kwenye nyaraka za Kijapani, uzito wa jumla wa gari la abiria hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kujumlisha kilo 55 kwa kila kiti. Noah ya viti vinane inapata kilo 440 za abiria. Begi halimo kwenye hesabu hiyo, wala deli la vinywaji.

Pigeni hesabu ya kwetu. Watu wazima wanne wa kilo 75 ni 300. Watoto watatu wa kilo 30 ni 90. Jumla 390, na hapo kiti kimoja bado kitupu. Zimebaki kilo 50. Dumu mbili za maji za lita 20 ni kilo 40. Zimebaki kilo 10 za hema, nguo, jiko, unga na mchele! Ndiyo maana unaona Noah zimekaa matako chini zikipita Segera msimu wa sikukuu.

Kwa hiyo familia ya watu saba inayotaka kulala porini inunue gari la viti vinane na kukubali kwamba kiti kinachobaki ni cha mizigo. Keria ya juu ibebe vyepesi, yaani hema, magodoro ya sponji na viti vya kukunja. Maji na chakula vikae chini, karibu na migongo ya viti vya katikati, vikiwa vimefungwa. Mzigo mzito juu ya gari lililoinuka kama Noah utauhisi kwenye kona ya kwanza ya Lushoto.

Hatua ya 4: Sasa majina

*Noah na Voxy.* Ni mapacha. Za 2001 hadi 2007 (AZR60, na AZR65 kwa fowili) zina injini ya D-4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Inataka petroli safi, na pampu yake ya presha ni ghali. Mimi ningeziruka nichukue za 2007 hadi 2014 (ZRR70 na ZRR75), injini ya 3ZR yenye cc 1986. Spea ziko kila mji na kila fundi anazijua. Kwa familia nyingi za kwetu, utafutaji unaishia hapa.

*Alphard.* Raha ya lami. Nzito, ina kiu, na iko chini. Zenye injini ya 2AZ ya cc 2362 pima oili mara kwa mara, zinasifika kwa kuila.

*Delica D:5.* Nafasi ya Noah na miguu mirefu. Kama kweli mnalala porini mara kwa mara, hili ndilo gari ningelipigania. Ila spea zake si za kila duka. Hakikisha una fundi na muuzaji kabla ya kununua.

*Serena.* Hii ni ya Nissan. Nafasi nzuri na bei nzuri. Giaboksi ya CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua) haisamehi oili ya kubahatisha: ya Nissan inaandikwa NS-2 au NS-3, na ya CVT za Toyota TC au FE. Anayekuambia "oili zote ni sawa" asiguse gari lako.

*Prado.* Kwa wanaoishi mwisho wa lami au wanaoingia hifadhini kila likizo. Wengine wafikirie mara mbili.

Hatua ya 5: Bei ya mwisho

Bei ya Japani ni mwanzo tu. Hapa kwetu ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka cc 2000, na gari lililozidi miaka 8 huongezewa tozo ya uchakavu. Ndiyo sababu cc 1986 ya Noah na cc 2362 ya Alphard zinakuja na bili tofauti kabisa. Ingia kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) mtandaoni, weka modeli na mwaka, uone jumla kabla hujatuma hata senti.

Hatua ya 6: Ukaguzi

Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika, R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi hiyo, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita za kwenye karatasi zifanane na za dashibodi.

Na hili wengi hawaambiwi: magari mengi ya fowili yanatoka kaskazini mwa Japani, Hokkaido na jirani zake, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Juu linang'aa, chini limeliwa. Omba picha za uvunguni, au kama liko yadi, fundi aingie chini na tochi na bisibisi, agonge. Kutu ya juu juu si tatizo. Bisibisi ikizama, ondokeni.

Kwenye matairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma na namba ya uwezo wa kubeba: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi. Angalia pia kama kuna tairi la akiba, maana magari mengi ya karibuni yanakuja na chupa ya dawa na pampu tu, na chupa hiyo haizibi tairi lililopasuka ubavuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, nina Noah ya fowili. Nataka kuingia Serengeti na wanangu kwa geti la Ndabaka, Pasaka. Itafika?

Jibu: Pasaka ni masika, mkuu, na upande ule wa magharibi ni udongo mweusi mtupu. Fowili ya Noah haitakutoa. Subiri Julai hadi Septemba, njia zikikauka utapita polepole kwa barabara kuu za hifadhi. Kabla ya kuanza safari waulize wahifadhi getini hali ya siku hiyo. Jambo jingine, malipo ya gari hifadhini hutegemea uzito wa gari, hivyo nenda na kadi.

Swali (Morogoro): Fundi ameniambia ninyanyue Noah kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo kwenye springi) ili iwe kama Delica. Nifanye?

Jibu: Kidogo sana, sm 2 au 3, wengi wameweka na wanaishi. Zaidi ya hapo ekseli za mbele zinakaa kwa pembe mbaya, zinakula joint na mipira inayozifunika, na gari lililoinuka linazidi kuyumba. Na hakuna spesa inayoongeza uwezo wa kubeba. Kama linagusa chini kila tuta, kwanza punguza mzigo na ubadilishe shokapu na springi zilizochoka.

Swali (Mombasa): Hujambo ndugu. Huku Kenya naweza kuagiza Delica ya 2010? Na nikitaka kwenda Lushoto na familia?

Jibu: Sijambo. Kuagiza hapana: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tafuta ambalo tayari liko nchini, au la mwaka mpya zaidi. Lushoto ni karibu kwenu: mnavuka Lunga Lunga na Horohoro, mnapita Tanga. Chukueni kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari inayotambulika nchi jirani) kwenye kampuni yenu ya bima, na mpakani mtapewa kibali cha muda cha gari. Kama gari si la jina lako, beba barua ya mwenye gari.

Swali (Dodoma): Shikamoo mwalimu. Noah ya haibridi (petroli na umeme) kwa safari za vumbi je?

Jibu: Marahaba. Inabana mafuta vizuri, hasa mjini. Ila kizazi cha 2014 haibridi yake haina fowili, na betri hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Vumbi likiziba njia hiyo betri inachemka. Mkitoka safari, safisheni tundu na kichujio chake, na msirundike mabegi mbele yake.

Swali (Dar es Salaam): Kaka, watoto wangu wawili wanatapika kila tukipanda milima. Kuna gari linalosaidia?

Jibu: Pole dada. Kiti kinasaidia kuliko gari. Mstari wa tatu umekaa juu ya ekseli ya nyuma, unarushwa na kuyumba zaidi, na mtoto haoni mbele. Wahamishie mstari wa kati, wainuliwe kwa viti vyao waone barabara, simu na vitabu vifungwe. Ukikagua gari, washa AC ya nyuma uishike kwa mkono, maana nyingi inapuliza joto wakati ya mbele iko sawa. Na mkifika Mombo simameni, washuke wanyooshe miguu, wale kitu kikavu kidogo kabla ya kuanza kupanda.