Somo: Kufuga kuku wa nyama huku umeajiriwa

Wanakikundi, somo la leo ni la wale wanaotoka ofisini saa kumi na moja jioni na bado wanataka kufuga broila. Inawezekana kabisa, ila panga kalenda kabla hujajenga banda.

1. Soma mkataba wa ajira. Kuna waajiri wanaokataza kazi nyingine, na wapo wanaotaka uwaarifu kwa maandishi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa hizo ni za mwajiri, kwa hiyo simu za wateja wa kuku zisubiri jioni.

2. Pokea vifaranga Jumapili. Hapa nasisitiza sana. Ukihesabu Jumapili kuwa siku ya 1, chanjo za siku ya 7 (ugonjwa wa kideri, yaani Newcastle), ya 14 (ugonjwa wa gumboro) na ya 21 (marudio ya kideri) zote zinaangukia Jumamosi. Chanjo ya kunywa inataka utulivu: unawanyima maji kwa saa moja au mbili asubuhi na mapema, unaichanganya kwenye maji yasiyo na dawa ya klorini, halafu unahakikisha yameisha ndani ya saa mbili hivi. Jumatano, huku unawahi daladala, utalipua. Siku ya 35, kuku wanapoanza kufaa kuuzwa, nayo ni Jumamosi.

3. Ombea likizo wiki mbili za mwanzo. Sheria hiyohiyo inakupa siku 28 kwa mwaka. Kubaliana na mwajiri uzigawe. Wiki ya kwanza vifaranga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku utaamka kuangalia jiko. Ukijikunyata kitandani, nao wanalaliana hadi kufa.

4. Kila kundi likiisha, pumzisha banda wiki mbili. Nawe lala.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mimi ni nesi, naingia shifti za usiku. Nifanyeje?
Jibu: Dada, usianze peke yako. Tafuta kijana wa banda, mlipe mshahara unaoeleweka, na mfundishe kabla vifaranga hawajafika.

Swali: Nianze na 500?
Jibu: Hapana kaka. Anza na 100, uone kama mwili unahimili kuamka saa kumi alfajiri.

Swali: Kuku wakiugua nikiwa kazini?
Jibu: Namba ya mtaalamu wa mifugo wa kata awe nayo kijana wa banda pia, na mwachie hela ya dharura.