Ukinunua GPS ya zawadi huku UK, iwashe kwanza kabla hujaifunga karatasi

Wadau, kabla ya yote: usinunue GPS ya gari ya kumpa mtu zawadi halafu ukaificha kabatini mpaka Krismasi bila kuiwasha. Nitalirudia hili mpaka mnichoke. Iwashe, ichomeke kwenye gari, andika postikodi (msimbo wa anwani wa huku) ya mtu unayemjua anakaa wapi, uone kama inakupeleka, ndo uifunge karatasi yako ya maua na riboni.

Najua kuna anayesema GPS ya nini siku hizi wakati simu ipo. Sawa, kama unakaa London na gari lako lina skrini kubwa, nenda zako salama. Mimi namwongelea mtu kama wifi yangu, kaja kwa ile viza ya kea, ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, kabla hawajaifunga Julai 2025, wakampangia wateja vijijini huko Lincolnshire, mashamba matupu kulia kushoto, simu inashika mtandao pale inapojisikia, na gari ni la miaka hiyo halina skrini wala nini. Halafu kuna sheria ya simu, tangu Machi 2022 wameibana zaidi, ukishikwa umeishika mkononi unaendesha ni paundi 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama una leseni ya huku ambayo haijafikisha miaka miwili hizo pointi 6 ndo leseni yenyewe imeenda, unaanza upya na zile L zako nyekundu. Simu iliyokaa kwenye stendi yake ni halali, lakini nani asiyejua tunavyoishi na simu zetu, mama kapiga kutoka Morogoro, utaacha kuishika? Kwa hiyo kifaa chenye ramani ndani yake, kisichohitaji bando, kisichopigiwa na mtu yeyote, ni zawadi ya maana kabisa. Hata mtihani wao wa udereva tangu Desemba 2017 una sehemu ya kuendesha bila kuelekezwa na mtahini, na mara nyingi unafuata GPS anayokuja nayo yeye, kwa hiyo mtu akiizoea mapema hababaiki. (Na ukikosea njia siku ya mtihani hawakukati maksi kwa hilo, wanakukata ukiendesha vibaya wakati unahangaika kurudi.)

Sasa mtego. Kwenye masoko ya mtandaoni ukitafuta hivi vitu utaletewa vya inchi 7, nyota tano mpaka unaona haya, "ramani za Ulaya nzima bure maisha", bei nusu ya zile zenye majina. Zinakuja na boksi jeusi halina jina la kampuni ya kueleweka. Tuliagiza moja, hiyo ndo ilikuwa zawadi ya wifi. Skrini yake ukigusa kwa kidole haisikii, mpaka ubonyeze kwa ukucha. Lakini hilo dogo. Kubwa ni postikodi. Huku postikodi kamili, ile yenye sehemu mbili, ndo anwani, ukishaandika yote umebakiza nyumba chache tu za kuchagua. Lile lidude likawa linakubali sehemu ya kwanza tu, halafu linataka jina la mtaa, halafu namba ya nyumba. Kijijini kule nyumba hazina namba! Zina majina, sijui Nyumba ya Mwaloni, sijui Shamba la Juu. Wifi ana mteja bibi wa miaka tisini anasubiri kuoshwa na kupewa dawa, ratiba kwenye simu ya kazi inamhesabia dakika, na yeye yuko katikati ya shamba la viazi-sukari giza la Desemba, kioo kimejaa ukungu, mwanamke wa kwenye kile kifaa anamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba amefika. Kafika wapi? Hamna hata mbwa.

Ikaja shida ya pili. Ramani ilikuwa ya zamani, hilo hatukujua kwa sababu kwenye tangazo waliandika mpya. Mjini kuna kipande cha barabara walichowaachia mabasi peke yake, wanakiita geti la mabasi, ila halionekani kama geti, ni bango tu na maandishi chini kwenye lami na kamera juu. Kifaa kikampitisha humo humo kama kawaida, tena siyo mara moja. Gari bado lilikuwa kwa jina la mume wangu kwa hiyo bahasha zikaja kwetu. Huku hakuna trafiki wa kukusimamisha mkaongea kiutu uzima. Mzungu hakugombezi, hakukufokei, anakuandikia barua yenye picha ya gari lako na saa na dakika, heshima tupu, na chini pake kiasi unachodaiwa, ukilipa mapema nusu. Kusema ukweli kuna siku namkumbuka trafiki wa Chalinze.

Na msiniambie eti barabara ni barabara, ramani ya zamani ina shida gani. Wales tangu Septemba 2023 sehemu nyingi za makazi zilizokuwa maili 30 zimeshushwa kuwa 20. Kifaa chenye ramani ya kabla ya hapo kitakuonyesha 30 bila aibu, wewe unaenda 30 unajiona mtii wa sheria, faini inaanzia paundi 100 na pointi 3. Hakimu hashtaki GPS.

Sasa ndo tunafika kwenye kurudisha, hapa ndo tulipoumia hasa na hapa ndo nataka mkae mnisikilize. Ukinunua kitu mtandaoni UK una siku 14 za kubadili mawazo hata bila sababu. Siku 14 zinahesabiwa tangu mzigo ukufikie WEWE mnunuzi, siyo tangu siku aliyopewa zawadi afungue boksi. Sisi tuliagiza Novemba kwenye zile ofa zao za Ijumaa Nyeusi, ikakaa kabatini, ikafunguliwa Krismasi. Zimeisha hizo. Na ukinunua dukani kwa mkono wako ndo kabisa, sheria haikupi haki ya kurudisha kitu kizima kwa sababu tu hujakipenda, ni hisani ya duka, wengine wanakupa siku 28, wengine hawakupi kitu, uliza kabla hujalipa.

Kikiwa kibovu, au siyo kile walichotangaza, hapo sheria ipo upande wako, una siku 30 za kukikataa na kurudishiwa hela yote, na baada ya hapo bado wanawajibika kutengeneza au kubadilisha. Kwenye karatasi. Kwenye maisha, soko linakwambia ongea na muuzaji, muuzaji yuko nje ya nchi, anakujibu "mpendwa rafiki" na maua, anakupa ofa ya kukurudishia robo ya hela ukae na kifaa, ukikataa anasema basi kirudishe kwa gharama yako, na posta ya kwenda huko inakaribia bei ya kifaa chenyewe. Unarudi kwa soko, soko linakurudisha kwa muuzaji. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya paundi 100, benki inabanwa na sheria pamoja na muuzaji, unawadai wao moja kwa moja. Sasa angalia bei za hivi vidude, zote paundi 70, 80, 90! Chini ya 100 hiyo kinga haipo. Unabaki kuomba benki wavute hela kutoka kwa muuzaji, hiyo wanafanya hata kwa kadi ya kawaida lakini siyo sheria, ni utaratibu wao wa makampuni ya kadi, na una muda wake, usilale. Sisi ndo tulipopitia hapo, tukapata hela baada ya kutuma picha za skrini mpaka simu ikajaa.

Kingine, aliyepewa zawadi hawezi kudai, mkataba ni wa aliyelipa. Wifi alipopiga simu kwa watu wa soko walimuuliza akaunti ya nani, ikaishia hapo. Kwa hiyo ukitoa zawadi toa na risiti. Najua kwetu ni kama matusi, mtu akikuletea kitenge akakutolea na risiti utamwonaje? Huku wana risiti maalumu ya zawadi, haina bei, wanaiweka ndani ya boksi na hakuna anayenuna, wanarudisha zawadi za mashangazi zao Desemba 27 foleni mpaka nje. Mwanzoni nilikuwa naona ni watu wasio na haya. Siku hizi nachukua na mimi.

Haya, ya kuchagua. Nenda kwenye duka la vifaa vya magari wanazoweka wazi kwenye meza, Garmin na TomTom ndo zimejaa, mwambie muuzaji aiwashe na andika postikodi kamili ya kwenu. Ikikubali herufi na namba zote na kukuletea mtaa, nusu ya kazi imeisha. Kama ni ya mtu mzima, mpe yeye aandike, usimwandikie! Sisi vijana tuna ugonjwa wa kunyang'anya kifaa na kusema "ni rahisi tu, ona", mzee anatikisa kichwa kwa adabu halafu kinakaa kwenye droo. Skrini inchi 6 inatosha, 7 kwenye gari dogo inaziba kioo. Iwe inataja majina ya mitaa kwa sauti, siyo "geuka kushoto" tu, maana kwenye kipilefti chenye njia tano kushoto ziko nyingi. Ijisasishe kwa waifai ya nyumbani, zile za kuchomeka kwenye kompyuta msimpe mtu asiye na kompyuta. Na za mitumba angalieni sana, mwaka 2018 TomTom walitangaza vifaa vyao kadhaa vya zamani havitapata ramani mpya tena, watu wakapiga kelele kwamba waliuziwa ramani za maisha, wakajibiwa ni maisha ya kifaa. Ya mitumba inaweza kuwa imeshakufa kwa hesabu zao huku inawaka vizuri.

Ukishainunua: weka maili siyo kilometa kwa sababu mabango yote ni ya maili, hifadhi nyumbani na kazini, ibandike chini pembeni upande wa dereva isizibe kioo, basi. Na usitegemee ikukumbushe kulipa zile tozo za magari yanayochafua hewa, London ni paundi 12.50 kwa siku kwa gari lisilotimiza viwango na tangu Agosti 2023 ni mitaa yote ya jiji, angalia namba ya gari kwenye tovuti yao mwenyewe.

Na nyie wa nyumbani. Jamani nawapenda, lakini picha ya GPS ya wifi ikishaingia kwenye grupu la familia siyo lazima kila mtu aagize. Baba mdogo wa Mbeya kaomba ya inchi 7. Hizi zinazouzwa huku zinakuja na ramani ya Uingereza na Ireland, au ya Ulaya, ukiiwasha Mwanjelwa itakwambia uko baharini au haitakwambia kitu. Ramani za Afrika za kuweka kwenye Garmin zinauzwa, Tracks4Africa wanazo na wanaosafiri mbugani wanazisifia, ila hiyo ni gharama nyingine juu ya gharama, na bado kuna forodha. Baba mdogo, pakua ramani kwenye simu ukiwa na waifai, inafanya kazi bila bando, hela iliyobaki tununue tairi.

La mwisho, kama pamoja na GPS umempa mtu na gari, badilisha jina kwenye logbuku (kadi ya gari) siku hiyo hiyo, inafanyika mtandaoni dakika chache, maana bahasha za kamera hazimfuati dereva, zinamfuata mwenye jina.